Namba naandika taratibu na jioni hesabu haikubali, nianzie wapi?

Swali: Mimi ni karani katika AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya korosho, wilaya ya Masasi. Msimu ukifunguliwa naingiza kwenye Excel stakabadhi za wakulima: tarehe, namba ya mwanachama, jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), simu na kilo. Herufi naandika bila kutazama kibodi, nilisomea, lakini ikifika namba lazima niiname. Laptop niliyopewa ni ndogo, haina zile namba za pembeni. Jioni jumla ya kompyuta haikubaliani na daftari la mizani, narudia stakabadhi moja moja hadi usiku. Nijifunze namba za juu kwa vidole vyote, au ninunue kibodi nyingine? Na kasi inayokubalika ni ipi, maana meneja ananiona mzembe?

Jibu: Pole na msimu, dada yangu. Nitangulize jibu lenyewe: tafuta pedi ya namba, yaani zile namba za pembeni zikiwa kifaa cha peke yake, ya kuchomeka kwa USB, achana na namba za juu, na wakati unaisubiri pedi, lipange upya faili lako. Vidole ni kazi ya wiki chache tu. Makarani wengi wanaoniletea malalamiko ya vidole vizito, ukikaa nao nusu saa unaona muda unapotea kwingine kabisa. Macho yanatoka kwenye stakabadhi kwenda kwenye kibodi, yanapanda kwenye kioo, yanarudi kwenye stakabadhi na kukuta mstari umepotea. Halafu jioni nzima inaliwa na kutafuta kosa. Macho yakitulia kwenye karatasi, mkono nao unaharakisha bila kulazimishwa.

Kwanza, kwa nini sikushauri namba za juu. Tarakimu zile kumi zimetandazwa kutoka upande mmoja wa kibodi hadi mwingine, mistari miwili juu ya pale vidole vinapopumzika, kwenye F na J. Kila tarakimu, kidole kinaondoka, kinaruka mstari mzima wa herufi, kinagonga, kinarudi. Mtu wa barua, mwenye tarehe moja na kiasi kimoja cha fedha katika ukurasa, ajifunze hivyo: mkono wa kushoto unagonga 1 kwa kidole cha mwisho, 2 kwa cha pete, 3 kwa cha kati, 4 na 5 kwa cha shahada, wa kulia unagonga 6 na 7 kwa cha shahada, 8 kwa cha kati, 9 kwa cha pete, 0 kwa cha mwisho. Kwa barua inatosha. Lakini kwa stakabadhi mia mbili, mikono yote miwili imefungwa kwenye kibodi na hakuna mkono wa kufunua karatasi. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaotumia kibodi za Kifaransa ndio kabisa: kule tarakimu za juu hazitoki mpaka ushikilie Shift.

Pedi inakaa chini ya kiganja kimoja. Tarakimu zote kumi, nukta, kujumlisha, kutoa na Enter viko mahali ambapo kidole husogea hatua moja tu. Mkono wa kushoto unabaki huru kushika rula, kufunua stakabadhi na kuzipanga. Dukani ijaribu kabla hujalipa. Papasa kitufe cha 5, kiwe na kijinundu au kijistari kilichoinuka. Angalia 0 iwe pana na Enter iwe ndefu. Zipo pedi zilizobana vitufe vyote viwe sawa, na hizo hupoteza mkono. Nyingine zina kitufe cha ziada cha 000, ambacho kwa hesabu za shilingi ni neema. Chukua ya waya, haina habari ya betri. Iweke karibu na mwili, kifundo cha mkono kikae sawa bila kukunjwa juu. Pedi ikiwa mbali, bega ndilo litakalolipa.

Kitufe kitakachokusumbua siku ya kwanza ni Num Lock. Kibodi ya IBM PC ya 1981 ilikuwa na vitufe 83 na haikuwa na mishale ya peke yake, kwa hiyo tarakimu na mishale viligawana vitufe, na Num Lock ndiyo iliyoamua nani atoke. Mishale ilipata mahali pake katikati ya miaka ya 1980, ila ule mgawano tumeurithi hadi leo. Num Lock ikizimwa, 8 inapandisha kiteuzi juu, 2 inakishusha, 7 inakurudisha mwanzo wa mstari, na nukta inakuwa Delete. Hiyo nukta ndiyo hatari: unadhani umeandika kilo 62.5, kumbe umefuta kilichokuwa kwenye seli. Kila ukikaa, gonga tarakimu moja kwenye seli tupu uione imetoka. Na kwenye baadhi ya laptop ndogo za zamani, ukiwasha Num Lock ya pedi, herufi za U, I, O, J, K, L zinageuka kuwa namba. Ikikutokea usikimbilie fundi. Jaribu Fn pamoja na kitufe chenye maandishi ya NumLk.

Sasa vidole. Cha kati kiweke kwenye 5, pale penye kijinundu, cha shahada kwenye 4, cha pete kwenye 6. Kuanzia hapo kila kidole kina safu yake: cha shahada kinamiliki 7, 4 na 1; cha kati 8, 5 na 2; cha pete 9, 6 na 3 pamoja na nukta ya chini. Gumba kazi yake ni 0 tu. Kidole cha mwisho kina Enter, alama ya kujumlisha na ya kutoa. Chukua 1470: cha shahada kinashuka, kinarudi nyumbani, kinapanda, gumba linamalizia, kidole cha mwisho kinapiga Enter. Kiganja hakikusogea hata kidogo. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto, pedi yako unaweza kuiweka kushoto na kugeuza mpangilio, shahada ikae 6 na pete ikae 4. Najua pia wahasibu wa mkono wa kulia wanaoweka pedi kushoto kwa makusudi ili kalamu isitoke mkono wa kulia. Ni mazoea tu.

Kuna jambo moja ambalo hutaliona kwenye mafunzo ya kawaida, nalo ni simu yako. Mchana kutwa unatuma na kupokea fedha kwa simu, unaingiza tokeni za umeme wa LUKU zenye tarakimu 20, na kote huko 1-2-3 iko juu. Kwenye pedi ya kompyuta na kwenye kikokotoo cha mezani, juu ni 7-8-9. Asili yake ni mashine za kujumlishia za zamani, zilizokuwa na safu ndefu za vitufe, 1 chini na 9 juu. Mashine za vitufe kumi zilipokuja, za David Sundstrand wa Illinois zikiwemo, zilibaki na utaratibu huo wa kupanda kwenda juu. Simu zilichukua njia yao. Maabara za Bell huko Marekani zilijaribu mipangilio mingi kwa watu kabla ya kutoa simu za vitufe mwaka 1963, zikachagua 1-2-3 juu. Kwako wewe maana yake ni hii: 4, 5, 6 na 0 hazigombani, zipo palepale kwenye vifaa vyote viwili. Zinazogombana ni 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9. Tofauti ya kila jozi ni 6. Ishike hiyo 6, nitairudia kwenye makosa.

Mazoezi yasikutishe. Robo saa kwa siku inatosha, na ni bora robo saa kila siku kuliko saa mbili za Jumamosi. Funika mkono kwa kitambaa ili macho yasipate cha kuiba. Anza na 4, 5, 6 peke yake, mara nyingi, ukibadilisha mpangilio: 456, 654, 545, 646. Kisha ongeza safu ya juu, 474, 585, 696; kisha ya chini, 414, 525, 636; gumba liingie mwisho. Usiharakishe. Gonga kwa mdundo mmoja, kana kwamba kila tarakimu ina uzito sawa, hata zile unazozijua. Anayekimbia kwenye 444 na kusitasita kwenye 937 ndiye anayepishanisha tarakimu. Ukikosea, usitazame chini: inua mkono, papasa kijinundu, endelea. Umeme ukikatika, kikokotoo cha mezani kina mpangilio uleule, jumlishia humo stakabadhi za jana na tayari umefanya mazoezi. Siku za mwanzo utakuwa taratibu kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana nakuambia anza kabla msimu haujafunguliwa, si wiki ya mnada.

Namna ya kusoma ina uzito wake. Ukiona 12456 na kichwani ukasema elfu kumi na mbili mia nne hamsini na sita, umeshachelewa, na ukifika kwenye sita kichwa kimesahau mwanzo. Soma tarakimu kwa majina yake, tatu tatu au nne nne kwa wakati mmoja: moja-mbili, nne-tano-sita. Simu ya tarakimu kumi igawe nne, tatu, tatu. Rula iwekwe chini ya mstari unaousoma, isogezwe na mkono wa kushoto. Stakabadhi zisimame kidogo, zisilale mezani. Hata boksi la karatasi na kibanio vinatosha. Na mwenzako akikusomea kwa sauti ghalani penye kelele, mkubaliane mapema kuhusu nne na nane, maana masikio huzichanganya kweli kweli. Nimewaona makarani wa mizani wanaosema "nne ya tano" na "nane ya tisa", yaani nne inayofuatwa na tano, nane inayofuatwa na tisa. Inachekesha kwa mgeni, lakini hawakosei.

Tuje kwenye faili, maana hapa ndipo utakapookoa muda kuliko kwenye vidole. Unaandika NIDA na simu ya mkulima kila anapoleta mzigo. Ya nini? NIDA ina tarakimu 20, simu 10. Mkulima akileta mara nne kwa msimu, umegonga tarakimu 120 kwa ajili ya vitu visivyobadilika, na kila mara umejipa nafasi mpya ya kukosea. Tengeneza shiti ya pili, iite Wanachama. Safu A namba ya mwanachama, B jina, C NIDA, D simu. Kila mkulima anaandikwa humo mara moja, kwa utulivu, kabla ya msimu. Kwenye shiti ya kupokelea, safu A iwe tarehe, B namba ya mwanachama, C kilo, na kuanzia D fomula zikuletee yaliyobaki. Ikiwa namba ya mwanachama iko B2, jina linaletwa na =VLOOKUP(B2,Wanachama!A:D,2,FALSE), ile 2 ukiibadilisha kuwa 3 inaleta NIDA, 4 inaleta simu. Buruta fomula kwenda chini. Faida ya pili ni kwamba jina linakuwa mlinzi wako: ukikosea namba ya mwanachama, litatokea jina ambalo silo lililoko kwenye stakabadhi, na utalishika palepale.

Tarehe usiiandike mara mia. Ctrl na alama ya nukta-mkato inaweka ya leo, kisha teua seli zote za siku hiyo na ubonyeze Ctrl na D. Kama unaandika za nyuma, hakikisha kompyuta imewekwa kwenye tarehe za Tanzania au Uingereza. Ikiwa ya Kimarekani, 03/04 itasomeka Machi 4, na 25/04 itakataa kuwa tarehe kabisa. Zile zinazokataa utaziona, zimelala upande wa kushoto wa seli. Zinazokubali kimakosa ndizo zinazoharibu ripoti.

Kilichobaki cha kugonga kwa kila mkulima ni namba ya mwanachama na kilo. Ingia File, Options, Advanced. Mstari wa juu kabisa unahusu Enter inaelekea wapi, chagua Right. Rudi kwenye shiti, teua kuanzia B2 hadi C51, kisha anza: namba ya mwanachama, Enter, kilo, Enter, na kiteuzi kinaruka chenyewe hadi B ya mstari unaofuata. Mkono hautoki kwenye pedi kwa stakabadhi 50. Ukikosea, Shift na Enter inakurudisha nyuma bila kuvunja uteuzi. Ukigusa mshale au kipanya, uteuzi umekwenda. Humohumo kwenye Advanced kuna sehemu ya kuweka desimali yenyewe, ukiandika 625 inakuwa 62.5. Watu huisifu sana. Mimi siipendi kwa kazi yako, kwa sababu inabaki imewashwa kwa mafaili yote, na siku mizani ikitoa 62 kamili bila nukta, utaandika 62 nayo itaingia 6.2. Cha pete kinafika kwenye nukta bila shida, kiache kifanye kazi yake.

Kwenye shiti ya Wanachama kuna mtego wa NIDA. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi inazigeuza sufuri. Ukiandika NIDA kama namba ya kawaida utaona kitu kama 1.98503E+19, na tarakimu tano za mwisho zimeshapotea. Hazirudi hata ukipanua safu. Teua safu za C na D zikiwa bado tupu, zifanye Text, ndipo uandike. Au andika NIDA na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, kistari ni kitufe cha kutoa cha pedi, na Excel itaichukua kama maandishi. Text hiyohiyo inaokoa 0 ya mwanzo ya simu, ambayo vinginevyo humezwa na unabaki na tarakimu tisa. Kisha kwenye Data Validation weka urefu wa maandishi uwe 10 kwa simu. Ukisahau moja itakugomea.

Sasa hizo jioni zako. Usirudie stakabadhi moja moja, hiyo ni adhabu, na jicho lililochoka hulipitia kosa lilelile mara tatu. Fanya hesabu kwa mafungu ya 50, kila fungu lijumlishwe na kulinganishwa na daftari la mizani kabla hujaanza jingine. Kabla ya yote andika =COUNT(C2:C51). Ikitoa 49, kuna seli moja ambayo si namba: pengine herufi O badala ya 0, pengine mkato badala ya nukta, na SUM huiruka kimyakimya bila kukuambia. Ikitoa 50 na jumla bado haikubali, chukua tofauti, uichunguze.

Kwanza, je, tofauti hiyo yenyewe ipo kama kilo za mkulima fulani? Ctrl na F, itafute. Kuna stakabadhi imerukwa kwenye daftari, au imeingia mara mbili kwenye kompyuta. Haipo? Igawe kwa 9. Hii ni silaha ya watunza leja tangu enzi za kalamu: tarakimu mbili zikipishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki, daima. Tuseme daftari linasema 18,436 na kompyuta 18,706. Tofauti ni 270. Inagawanyika kwa 9. Tena ni 90 mara 3, na 90 ni alama ya mamia na makumi kubadilishana. Kompyuta ndiyo iliyozidi, kwa hiyo kwenye orodha yako tafuta namba ambayo tarakimu ya mamia inaizidi ya makumi kwa 3: 522, 417, 630, 855. Katika mistari 50 utapata chache tu za aina hiyo. Zifungue stakabadhi zake, na moja itasomeka 252 wakati wewe umeandika 522. Ingekuwa makumi na mamoja yaliyopishana, ungekuta 9 mara tofauti ya tarakimu, yaani 27 kwa tofauti ya 3.

Nukta iliyoruka au sufuri iliyosahaulika nayo hugawanyika kwa 9, lakini hapa jibu linakupa namba yenyewe. Tofauti ni 562.5, gawanya kwa 9 upate 62.5. Tafuta 625 kwenye kompyuta, hiyo ni nukta iliyosahaulika. Tofauti ikiwa 405, gawanya upate 45: mahali fulani pameandikwa 45 badala ya 450. Kisha kuna ile 6 niliyokuambia uishike. Tofauti ya 6, 60 au 600 kamili, kwanza shuku mkono wa simu: 1 imeingia kwenye nafasi ya 7, au 2 na 8, au 3 na 9. Ya 1 na 7 hutokana pia na mwandiko wa mtu wa mizani, kwa hiyo mwombe aikate 7 yake kwa kistari katikati. Makosa mawili yakikutana katika fungu moja mbinu hizi zinavurugika, ndiyo sababu nimesema mafungu ya 50 na si siku nzima.

Kuhusu kasi: kazi za kuingiza taarifa hupimwa kwa mibonyezo ya vitufe kwa saa, na matangazo mengi ya kazi hizo hudai kati ya 8,000 na 10,000. Elfu kumi ni karibu mibonyezo mitatu kwa sekunde, inafikika kwa mtu wa pedi aliyezoea, lakini wewe huihitaji. Hesabu nami. Kwa utaratibu wako wa sasa, tarehe, jina, NIDA, simu na kilo ni kama mibonyezo 70 kwa stakabadhi moja. Stakabadhi 200 ni 14,000, na kwa mwendo wa kawaida wa 5,000 kwa saa ni saa mbili na dakika 48, bila kuhesabu kurudia. Kwa faili jipya, tarakimu nne za mwanachama, tatu au nne za kilo na Enter mbili ni mibonyezo kama kumi. Stakabadhi 200 ni 2,000, na kwa mwendo uleule wa 5,000 ni dakika 24. Hujaongeza kasi hata chembe.

Mwonyeshe meneja hesabu hiyo kwenye karatasi siku utakapoomba pedi. Iombe kama kifaa cha ofisi, isitoke mfukoni mwako, na uchukue risiti ya EFD (ya mashine ya kodi). Akikataa, ukalazimika kuinunua mwenyewe, iandike jina kwa nyuma kwa kalamu isiyofutika, maana mtu wa mizani akishaijaribu hatairudisha.